Lita Mbili Kabla ya Posa

Saa moja na dakika kumi asubuhi nilimaliza lita ya pili ya maji, na aibu yangu ilianzia hapo, ingawa wakati ule nilijiona mwenye akili kuliko wote mtaani kwangu Pasiansi. Daktari alikuwa ameniambia ninywe maji mengi kwa sababu ya vijiwe kwenye figo, nami (mtu wa kupanga kila kitu kwenye daftari) nikajigawia lita mbili kwa siku nzima, ila siku hiyo nilikuwa mshenga wa mpwa wangu Deo, tunakwenda Kisesa kumposa binti aitwaye Neema, nikaona bora niyanywe yote mapema nisije nikakatiza mazungumzo.

Tulipofika nikapewa kibuyu cha maziwa mgando. Kwetu Bukoba nimezoea mgeni aonje, ashukuru, apitishe. Nikaonja, nikapitisha. Kikarudi.

"Mshenga, nyumba hii kibuyu hakirudi na kitu ndani," akasema Mzee Masanja, baba wa binti. "Au maziwa yetu yana kasoro?"

Nikamaliza. Wakaleta cha pili, cha heshima.

Deo alikuwa ameshanionya njiani kwamba kwenye ukoo ule mshenga akiinuka kabla ya jibu, amefuta posa. Nikabana miguu, jasho likanitoka, wakataja ng'ombe kumi na tano nikaitikia "sawa" (tulipanga kumi!), Deo akanikodolea macho. Mwishowe nikainuka.

"Samahani wazee, napokea simu."

Simu yangu ilikuwa mkekani mbele ya wote, imezimwa.

"Ameinuka!" akapaza sauti baba mdogo wa Neema. "Posa imekwisha!"

Deo akashika kichwa.

"Wazee wangu," nikasema, nikiruka mguu huu na huu, "simkimbii binti. Nina lita mbili za maji na vibuyu viwili vya maziwa. Mkinizuia, mtafua mkeka."

Shangazi yake Neema akaangua kicheko. "Mwacheni baba wa watu! Choo kiko nyuma ya zizi. Kimbia, mshenga, ng'ombe tutawahesabu ukirudi!"

Niliporudi (nikitembea kama mtu aliyezaliwa upya), Mzee Masanja alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka. Akasema ile "sawa" yangu haihesabiki, maana haikutoka kichwani. Tukakubaliana kumi na mmoja, wakasema binti ni wetu, kisha wakanitoza faini ya kuinuka.

Siku hizi nikiwa kwa watu nauliza kwanza kibuyu chao kinanywewaje, na siku ya posa maji nayaanza baada ya jibu. Faini ilikuwa shilingi elfu arobaini. Nililipa palepale, wala sikuomba wapunguze hata senti.