Vidonge Nilivyompa Mama Mkwe

Nayaandika haya kwa aibu, na aibu yenyewe ni yangu, si ya mtu mwingine. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika hapa mjini Baraka. Alizaliwa mgongo wazi, hakumaliza siku mbili. Nilipotaka kujaribu tena, muuguzi wa kituo cha afya alinipa vidonge vya asidi foliki, akanieleza kuwa wanawake wengi hupewa vya nguvu kidogo, ila mimi niliyepoteza mtoto namna ile nilihitaji vikali, kimoja kwa siku tangu kabla ya mimba, ili mgongo wa mtoto ujifunge vizuri. "Hii ni ya weye tu," alisema.

Lakini kwetu dawa hugawanywa kama chumvi (nani amnyime mtu chumvi?), na mama mkwe alikuwa amepauka, akihema hata kwenye kilima kidogo. Nilisikia watu wakiviita vidonge vile dawa ya damu, nikampa kimoja, kisha viwili, na baada ya wiki kadhaa rangi ikamrudia, akarudi shambani, nami nikatembea sokoni kama daktari. Alipolalamika kwamba nyayo zinawaka na kufa ganzi, nikamwongezea cha tatu.

Jumapili ya mavuno nilimwomba abebe beseni la unga wa muhogo kichwani, apeleke sadaka mbele, watu wamwone. Karibu na meza alikanyaga kama mtu asiyejua sakafu iko wapi, akaanguka, na unga ukamfunika mchungaji hadi nyusi. Watu walicheka. "Mama alikunywa asubuhi," mmoja alisema. Mama hakuinuka.

Muuguzi yule, aliyekuwa kwenye kwaya, alipiga magoti akamgusa nyayo.

"Mama, unasikia kidole yangu?"

"Hapana, mutoto yangu."

"Unakunywaka dawa gani?"

"Ya mukwe yangu. Ni yeye aliniponesha."

Alisema kwa fahari, mbele ya kanisa zima. Nikasimama, nikakiri: vitatu kwa siku.

Hospitalini walimpima. "Alikosa vitamini ingine, B12," muuguzi aliniambia. "Foliki ilirudisha rangi, mukaona amepona, kumbe mishipa ya fahamu iko inaharibika chini kwa chini."

Sasa anadungwa sindano za B12. Mguu wa kulia unarudi polepole. Kuhusu wa kushoto hawaahidi kitu. Mimi nameza kidonge changu, kimoja, na anayeniomba namtuma akapimwe kwanza, hata akiniita mchoyo. Kisha napiga magoti, namvalisha mama viatu, maana yeye mwenyewe hawezi kujua kama vimeingia.