Udongo Nilioumwaga Mulongwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposikia pikipiki ikisimama barabarani na jirani akiita, "Mama mukwe wako amefika!" Wiki sita nilikuwa nimemdanganya, na uongo wangu ulikuwa umepangwa kando ya ukuta, ndani ya makopo ya maziwa, ukiwa na majani mabichi.

Ngoja nikueleze. Mamamkwe alipanda maua hapa Mulongwe, na maharusi walikuja kununua kwake. Mawaridi yake yalikuwa mazuri, ila kila masika majani yalijaa madoa meusi na kupukutika. Kule Lemera, milimani, alipata waridi la pori, gumu, lisilougua. Nyuki walilitembelea wakitoka kwenye mawaridi ya bustani za watu, kwa hiyo kila mbegu yake ingeweza kutoa ua ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akachuma vitunda vyake vyekundu, akazilaza mbegu miezi kadhaa kwenye mchanga wenye unyevu kule kwenye baridi, kisha tukazipanda huku kwenye makopo ya maziwa. Mara dada yake wa Lemera akaugua, akapanda kwenda kumuuguza.

"Maji kidogo tu," aliniambia. "Usizichokoze."

Nilikuwa mke mpya, natamani kupendwa. Wiki zikapita, udongo kimya. Nikachokoza, nikafukua udongo, nikakuta mbegu ngumu kama changarawe. Nikajua nimeziua. Kwa hofu nikaumwaga udongo wote nyuma ya nyumba, upande wa mto, nikajaza mwingine na kuchomeka vijiti vya waridi letu la zamani. Vilipochipua, nikamtumia habari: zimeota.

Siku hiyo aliingia bila hata kuketi. Akainamia kopo la kwanza huku akicheka peke yake kwa furaha. Kicheko kikakatika. Akafukua kwa kidole, akavuta mche. Alama ya kisu nilipoukata ilikuwa bado inaonekana.

"Hii iko kijiti. Mbegu zangu iko wapi?"

Nikapiga magoti. "Nilimwaga, Mama. Nilifikiri zimekufa. Niliogopa utasema ni minye niliziua."

"Mbegu ya waridi inaweza kulala mwaka muzima. Ungeniambia haijaota, ningekuambia ngoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Sasa weye, nitakuamini tena juu ya nini?"

Nikainuka, nikatangulia. Tukaenda nyuma ya nyumba. Mto ulikuwa umefurika na kulamba sehemu kubwa ya udongo ule. Tulitambaa tukitafuta mpaka jua likawa kali. Tukapata mche mmoja tu, wenye majani madogo mawili ya mviringo. Nikanyoosha mkono, akauzuia. Aliuchimba mwenyewe, na miaka miwili hakuniruhusu hata kuumwagilia.

Ulipochanua, ua lilikuwa dogo, jeupe lenye wekundu pembeni, na majani hayakuwa na doa. Aliniita mimi kwanza, kabla ya mwanawe. Nililia, maana nilijua mengine yote yalikwenda na mto, na hakuna atakayejua yangekuwa maua gani.

Mwanangu, kazi ikikushinda, au ukidhani imekushinda, mwambie aliyekupa siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Kuharibu kunasameheka upesi. Kuficha kulinigharimu miaka miwili ndani ya nyumba moja na mtu niliyempenda. Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, akupe na wakubwa wa kukusikiliza, na mikono yako ioteshe kizuri ambacho macho yetu sisi wazee hayajakiona.