Biturutu za Jirani

Nikisikia harufu ya biturutu, vile viazi vyekundu, zikichemka, narudi kimawazo kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga Kayole. Nikiwa mtoto, miguu yangu ilijaa alama nyeusi, na jirani wa mlango wa pili akamfokea mamangu: “Mbona unachapa mtoto hivi?”

Mamangu akampa karatasi ya hospitali. Mwili wangu wenyewe ulikuwa unaharibu chembe za kugandisha damu, hivyo ngozi ikavilia damu hata bila kuchapwa. Jirani aliona haya. Jioni alileta sufuria ya biturutu za kuniongezea damu. Hazikuwa dawa, lakini nilizila pamoja na tembe za daktari, naye akawa ananikagua miguu kila asubuhi.

Siku daktari aliponiruhusu kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira wa kwanza ulinigonga gotini. Kesho yake jirani alilitazama goti hilo kwa muda mrefu, kisha akapaza sauti ileile kumwita mamangu:

“Dadangu, kuja uone! Hakuna alama!”