Mkanda wa Kipaimara cha Steven

Watu wa Mbinga wakimwita mume wangu fundi, mimi hucheka. Fundi gani asiyebadilisha balbu ya jikoni mpaka nimwimbie wiki nzima? Lakini mpe mkanda wa video wa zamani, ule wa plastiki nyeusi, umwone anavyoushika. Mimi mkewe sijawahi kushikwa hivyo. Meinrad amepiga video za harusi, kipaimara na misiba ya huku tangu tukiwa vijana. Siku hizi kila mtu ana simu yake, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuletewa ile mikanda ya zamani aihamishie kwenye kompyuta kabla haijaoza.

Sebule yangu ndiyo imekwisha hivyo. Deki tatu, mbili nzima na moja ya kunyofolewa vipuri. TV ya kichogo ambayo wenzetu walishaitupa. Kisanduku cha kutuliza picha inayotetemeka, alichokinunua Songea studio moja ilipofungwa. Nyaya kila mahali. Mgeni akisogeza mguu tu, Meinrad anaruka: "Waya huo!" Nimesema mpaka nimechoka. Yeye hunijibu, "Mama Erasmo, siku nikifa utauza chuma chakavu." Haya.

Bibi Restituta alitujia wakati wa mvua, ametoka Mbaha kule chini ziwani, ameshikwa mkono na Lidia, mke wa mwanawe mkubwa. Alikuwa amevaa kilemba kipya na kitenge ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, Bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa yule baba wa video? Yeye ndiye aliyempiga Steven wangu siku ya kipaimara."

Maelezo aliyatoa Lidia. Steven alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Mwaka uliofuata baada ya kipaimara mtumbwi ulipinduka, ziwa likamchukua, wala mwili haukupatikana. Kaburi hakuna. Picha yake hakuna hata moja, ila mkanda wa siku ile ya kipaimara. Sasa Bibi ana presha ya macho, na daktari amesema nuru iliyobaki ni kidogo na ikiondoka hairudi. Anataka kumwona mwanawe mara moja kabla giza halijamfunika.

Bibi akaufungua mkanda kutoka kwenye kitambaa. Yesu na Maria! Sebule nzima ikanuka moshi.

"Bibi," Meinrad akauliza polepole, "mlikuwa mnautunza wapi?"

"Kwenye uchaga juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi. Panya hafiki, dumuzi hagusi." Alisema kwa fahari kabisa. "Kitu cha thamani mtu ataweka wapi kwingine?"

Meinrad akauweka mkanda mezani, akaelekea jikoni. Akiondoka hivyo, huwa si heri. Nikamfuata jikoni.

"Masizi yameingia mpaka ndani," akaninong'oneza. "Na upande wa pili umeota ukungu. Ukipita kwenye deki, uchafu ule utaziba hedi, kile kichwa kinachosoma picha, na picha itapotea. Na nikisimamisha ili nisafishe, mkanda utanata mle ndani ukatike. Unapita mara moja tu, Mama Erasmo. Na hiyo moja yenyewe sina uhakika nayo."

"Basi mwambie haiwezekani, aende salama."

"Kamwambie wewe."

Nikaenda mpaka mlangoni, mdomo nimeshaufungua. Nikamwona bibi wa watu ameketi kwenye stuli, mikono magotini, ananyoosha kile kitenge chake kama mtu anayesubiri kuitwa mbele za watu. Nikaufunga mdomo, nikarudi jikoni. Meinrad alikuwa ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nimeishi naye ujana wote na sijawahi kumwona akinawa hivyo, hata siku ya kwanza alipombeba Erasmo. Hapo ndipo na mimi hofu ikaniingia.

Wageni walilala kwetu. Meinrad akaufungua mkanda, akautoa kwenye ganda lake, akauweka kwenye ganda jipya. Kisha akawa anauzungusha kwa kidole, anaufuta kwa kitambaa laini, kipande kwa kipande. Kitambaa kilitoka cheusi tii. Akabadilisha kingine, nacho kikawa hivyo hivyo. Hakutaka chai, hakutaka kusemeshwa. Nilipopita na ufagio aliniangalia kwa jicho ambalo siku nyingine tungegombana.

Alipomaliza, kesho yake mchana, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba na ngurumo zimeanza. Huku kwetu radi si ya kuchezea. Kila mtu anajua mtu aliyepigwa, au ng'ombe, au paa.

"Ngoja mvua ipite," nikamwambia. "Umeme ukikatika mkanda ukiwa ndani?"

"Na nikingoja, unyevu huu unazidi kuufanya unate. Bora sasa hivi."

"Baba Erasmo, naogopa."

"Na mimi naogopa," akasema. Sikutegemea jibu hilo. Nilitaka anibishie kama kawaida yake.

Akatuweka mahali pake kila mtu. Sauti ya TV aliifunga, ikatoka kwenye spika ya kompyuta iliyokuwa juu ya kabati langu la vyombo, maana nafasi nyingine haikuwepo. Akabonyeza. Deki ikakohoa, ikameza mkanda. Nikashika rozari iliyokuwa shingoni, nikawa nasali hata sijui sala gani.

Picha ikaja! Kiwanja cha kanisa, watu wamejaa, kofia ya askofu inapita juu ya vichwa, akina mama wanapiga vigelegele. Rangi zimefifia, lakini watu ni watu. Lidia akapiga makofi. Meinrad hakugeuka, jicho lake lilikuwa kwenye deki, anaisikiliza inavyounguruma. Nje radi ikapiga karibu, taa ikafifia, ikarudi.

Ikafika karamu, chini ya turubai. Msema chochote, yule MC wa karamu, akasema, "Sasa tumsikilize kijana wetu Steven, atoe neno la shukrani." Kamera ikaanza kugeuka kumtafuta. Hapo hapo mstari mweupe ukapanda kutoka chini ya kioo, ukafuatwa na mwingine, na mwingine. Kisha chenga. Chenga tupu, TV nzima, na mtoto hajaonekana hata kisigino.

Lakini sauti haikukatika. Ikatoka kwenye spika safi kabisa, sauti ya mvulana anayebaleghe, mara nzito mara nyembamba.

Meinrad akapeleka mkono kwenye kitufe cha kusimamisha. Nilijua anachowaza: akisimamisha, labda atasafisha hedi na kumpata kijana, au labda mkanda utakatika na hata sauti ipotee. Mimi nikamgeukia Bibi nione analipokeaje jambo hili.

Bibi alikuwa anatabasamu. Na hakuwa anaitazama TV. Alikuwa amelikazia macho kabati langu la vyombo, kule juu kwenye spika.

Nuru ilikuwa imeshakwisha, jamani, wala hakumwambia mtu. Angesema, nani angempandisha mpaka Mbinga kwenye mvua ile kuja kutazama video? Nikaudaka mkono wa Meinrad kabla haujafika kwenye kitufe. Akanikunjia uso. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akamtazama Bibi, akatazama kabati, akaelewa. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

"... namshukuru na mama yangu," Steven alikuwa anasema. "Amepanda na dagaa wa usipa kichwani, akawauza mpaka Mbinga, ili mimi nipate viatu hivi. Viatu vinanibana sana." Watu kwenye mkanda wakacheka. "Lakini sitavivua. Nikivua, mama atajua."

"Ehee!" Bibi akapiga paja. "Mwongo huyu! Aliniambia vinamtosha!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia. "Maneno haya sikuyasikia mimi. Nilikuwa jikoni napakua wali. Kumbe alinitaja."

Steven akamaliza, wakaimba, na deki ikaendelea kuvuta mpaka mkanda ukagota mwisho bila kukatika. Umeme nao haukukatika. Lidia alikuwa ameduwaa mbele ya zile chenga. Akafungua mdomo aseme, nikambana goti kwa nguvu mpaka akagutuka. Baadaye angenilaumu, na alaumu. Wakati ule niliogopa neno moja tu lisije likamtoka mtu mle ndani.

"Nimemwona," Bibi akasema. "Asanteni wanangu, nimemwona." Kisha akageuza uso upande alikosikia Meinrad anapumua. "Na wewe baba uliyempiga picha. Macho yangu leo yana machozi mengi. Lile shati lake, mikono ilikuwa mirefu au mifupi?"

Nikajua tumekwisha. Meinrad amepiga vipaimara vingapi? Watoto wote wa kipaimara huvaa mashati meupe, utamkumbuka yupi? Nikamtazama mume wangu, yeye ambaye hukosea hata majina ya ndugu zangu, nikamwombea kwa Mama Maria.

Akafumba macho. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mirefu, Bibi," akasema. "Uliikunja mara mbili, kwa sababu shati lilikuwa kubwa kuliko yeye. Mkono wa kushoto ulikuwa unamfunguka, kila mara anaurudishia."

Mpaka leo sijui kama alikumbuka au Mungu alimtilia kinywani. Nikimuuliza, anaondoka kwenda kuchezea nyaya zake.

Bibi Restituta alinyoosha mikono akapapasa hewani mpaka akaipata ya Meinrad, akaishika yote miwili.

"Lilikuwa la baba yake," akasema. "Basi kweli na wewe ulimwona. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilidhani nimebaki peke yangu ninayemwona."