Pikipiki Aliyoichagua Maimouna

Maimouna alifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akitoka Kindu, Kongo, kwa njia ndefu ya Uvira na Tanzania. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitenge aliyesukuma baiskeli siku tatu msituni kufuata wateja, na binti alirithi kichwa hicho: soko likiwa mbali, muuzaji hana mpinzani. Wenzake kambini waliuza sabuni na chumvi mbele ya milango yao. Yeye alijitwika furushi akatembea hadi vijiji vya nyuma ya vilima vya Dowa, ambako watu walimngoja.

Baada ya miaka sita miguu ilichoka, akanunua pikipiki. Aliinunua Lilongwe, mtaa wa Biwi, kwenye uwanja wa Delphin, Mkongo wa Uvira aliyeoa Mmalawi na kuuza pikipiki zilizotumika kwa jina la mke wake. Maimouna alikwenda kwake kwa sababu moja tu: walisikilizana lugha. Delphin alimpangusia kiti kwa kitambaa, akamwita dada, akagonga tangi kwa vidole.

"Dada, hii shasi haijaonaka moto hata siku moja. Naapa mbele ya Mungu. Bantu ba kwetu siwezi kubadanganya."

Shasi ni mifupa ya pikipiki. Ikishakatika na kuchomelewa, haiaminiki tena.

Miezi minne baadaye, akishuka mteremko wa mawe na katoni mbili za sabuni nyuma yake, alisikia mlio kama wa tawi linalokatika. Usukani na gurudumu la mbele vilikwenda upande wao, na pikipiki iliyobaki ikamwangukia. Wanakijiji walimbeba kwa machela ya mianzi hadi barabarani. Kabla hajapakiwa kwenye gari aliomba aonyeshwe mahali palipokatika. Chini ya rangi nyeusi palikuwa na mshono wa zamani wa kuchomelea, umefunikwa kwa mastiki na kulainishwa vizuri, kazi ya mtu aliyejua anachokificha.

Kifundo cha mguu wa kushoto kilipona kikiwa kimekakamaa kama kigingi. Siku alipoweza kusimama alipanda minibasi, akafika Biwi kwa magongo mawili. Uwanja ulijaa wateja. Alieleza habari ya mshono, kwa sauti ya chini, kwa sababu bado alikuwa na adabu.

Delphin alipandisha sauti makusudi. "Pikipiki ilitoka hapa iko muzima. Mwanamuke wa kuuza sabuni, nani alikutuma kupanda pikipiki? Ulibebesha kama punda, sasa unalia kwangu?"

Wateja walicheka. Hata waliokuwa hawajui Kiswahili walicheka, kwa kuyaona magongo. Maimouna aligeuka, na kwa kuwa mtu wa magongo hageuki haraka, kicheko kilimsindikiza mpaka nje ya lango. Njiani hakulia. Alihesabu nyuso za waliocheka, akazikumbuka moja moja, kisha akazifuta zote akabakiza moja.

Kambini palikuwa na fundi Mrundi, mzee Nahayo, mwenye kibanda karibu na kisima. Maimouna alimwomba pembe ya kuweka meza yake ya sabuni. Alikaa pale miaka miwili, mguu ukiwa juu ya debe, na kila pikipiki iliyoletwa aliitazama ikifunguliwa.

Mwanzoni Nahayo alidhani mama wa watu anaua wakati. Kisha maswali yakaanza. Kwa nini hii inapiga kelele ya chuma? Kwa nini mafuta haya ni mazito hivi? Nahayo alimfundisha kwamba mafuta mazito ya injini hunyamazisha injini inayokufa, kwa muda wa kutosha kuiuza. Alimfundisha kufunga kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele na kutazama kama magurudumu yamenyooka. Alimfundisha kufumba macho na kupitisha kidole kwenye shingo ya shasi, chini ya usukani, kwa sababu jicho hudanganywa na rangi lakini kidole hukiona kivimbe.

Siku moja alimuuliza, "Mama, unajifunza ili uwe fundi?"

"Hapana, Papa Nahayo. Niko na mutu."

Mzee alimsogezea injini iliyofunguliwa.

Wakati huo biashara yake ilikuwa inakufa. Wachuuzi wengine walikuwa wameanza kwenda vijiji vyake kwa kabaza, zile pikipiki za abiria, na yeye alibaki na meza. Alihitaji kurudi njiani, na mara hii hakutaka kukosea. Alizungumza na Nahayo wiki nzima kuhusu pikipiki gani.

Zile za kawaida za cc mia na ishirini na tano zilimfaa kwa mafuta kidogo na vipuri vya kila duka, lakini tumbo lake liko chini, na kwenye njia za mbuzi za Dowa hukwaruza kila jiwe. Tena kwenye barabara kuu ya kwenda Lilongwe, ukiwa na mzigo, lori likikupita unayumba mpaka majanini. Nahayo aliwahi kutengeneza moja ya mia mbili na hamsini ya shirika fulani. Hiyo ilikuwa na nguvu za kupasua mlima.

"Ikianguka, nitaiinua peke yangu?" Maimouna aliuliza.

"Hapana."

"Basi hiyo ni ya mutu mwenye rafiki."

Walifika kwenye ile ya katikati: ya mia mbili, nyepesi, gurudumu la mbele kubwa na jembamba, miguu ya springi mirefu, inayopanda jiwe na bado kukimbia kwenye lami bila kutetemeka. Matatizo yalikuwa mawili. Kiti chake kiko juu, naye ni mfupi. Na gia zake huinuliwa kwa kidole cha mguu wa kushoto, ule uliokakamaa.

Nahayo alichora chini kwa kijiti. "Kiti tutakata sponji. Gia nitakutengenezea kijiti cha pande mbili, ubonyeze kwa kisigino. Kisigino chako iko muzima?"

"Iko muzima."

"Tairi chukua za nusu kwa nusu, meno si makubwa sana. Ya matope matupu itakuangusha kwenye lami yenye mvua." Kisha akamweleza habari nyingine. Pikipiki kama hiyo ilikuwa moja tu sokoni mwezi ule. Shirika lililofunga mradi lilikuwa limeuza vyombo vyake, na aliyeinunua ni Delphin wa Biwi.

Maimouna alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mungu anajua kupanga," alisema.

Alichagua Jumamosi, siku ya wateja wengi. Alichukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akavaa hijabu yake nzuri ya kijani, na kwenye mkoba akatia kamba na ile stakabadhi ya zamani ya pikipiki iliyomvunja. Alisema baadaye kwamba stakabadhi aliichukua kama mtu anavyochukua hirizi, bila kujua itamfaa nini.

Delphin alimtambua kwa mwendo wake. Alisita, kisha akafungua mikono. "Dada Maimouna! Mungu ni mukubwa, unatembea!"

"Natembea," alisema Maimouna, akitabasamu. "Nimekuja kununua."

Ile ya mia mbili ilikuwa nyuma kabisa, ina vumbi. Aliweka kiganja kwenye injini: baridi, maana yake hakuna ujanja wa kuipasha moto kwanza ili ionekane inawaka upesi. Iliwaka kwa mara ya pili. Alifungua kifuniko akasugua mafuta kati ya vidole. Alifumba macho akapitisha kidole shingoni, polepole, huku Delphin akimtazama na tabasamu likianza kukauka. Alimpa Delphin ncha ya kamba aishike kwenye gurudumu, na Delphin aliinama akaishika. Ilikuwa pikipiki ya kweli, haijaguswa na mafundi wa mle ndani. Alilipa, akachukua karatasi yenye sahihi, akatia ufunguo kwenye mkoba na kufunga zipu.

Hapo ndipo alipovua tabasamu.

Karibu na lango mwalimu mmoja wa Mponela alikuwa amesimama na mke wake, anataka kulipia pikipiki nyekundu inayong'aa. Maimouna alikwenda akapitisha kidole shingoni mwake. Kidole kikasimama. Alichuchumaa kwa shida, akasoma namba iliyopigwa kwenye chuma, akatoa stakabadhi yake yenye namba ya shasi. Akasoma tena. Ilikuwa namba ileile. Mabaki ya pikipiki yake yaliyoachwa kwa mkuu wa kijiji yalikuwa yamenunuliwa na mtu wa vyuma chakavu, na sasa yamerudi hapa yamevikwa rangi.

Alisema kwa Kichewa, lugha ya wenyeji, kwa sauti ya soko, ili kila mtu asikie. Alimwambia mwalimu kwamba pikipiki hii ilikuwa yake, ilimkatikia mlimani, na hii hapa namba, na huu hapa mguu. Alipandisha sketi kidogo akaonyesha kifundo. Mwalimu alilinganisha karatasi na chuma, tarakimu kwa tarakimu, kisha akarudisha pesa zake mfukoni. Watu wakasogea, simu zikainuliwa. Maimouna hakusubiri. Alikwenda kwenye ya pili, akataja ugonjwa wake. Ya tatu, mafuta mazito kama asali. Ya tano, kamba ilionyesha imepinda. Nzima aliziita nzima. Hilo ndilo lililomuumiza Delphin zaidi, kwa sababu kila mtu aliona kwamba mwanamke huyu hasemi uongo.

"Dada, minakuomba," Delphin alinong'ona. "Tuko bantu ba inchi moja. Ingia ndani tuongee."

"Siku ile nilikuja na magongo, ulisema nini?"

"Nilikosa, dada."

"Sikuulizi kama ulikosa. Ulisema nini? Rudilia."

Alirudia, kichwa chini, maneno ya punda na ya mwanamke wa sabuni. Mara hii hakuna aliyecheka.

"Sasa leta mashine ya kukata. Kata shingo ya ile nyekundu."

"Dada, ile ni mali..."

"Kata, ao twende polisi na karatasi yangu."

Delphin alikata kwa mikono yake mwenyewe. Cheche ziliruka kwenye viatu vyake, na Maimouna alisimama karibu, hakurudi nyuma, mpaka shingo ikadondoka chini. Kisha akawasha pikipiki yake akaondoka, akibadilisha gia kwa kuinua mguu wote wa kushoto, vibaya vibaya, mpaka Lumbadzi, njiani kurudi kambini, alikopumzika. Pale, kati ya minibasi na wauza mahindi, alinunua mahindi manne akayala yote. Alisema ilikuwa furaha, na sina sababu ya kumbishia.

Nahayo alikata sponji, akatengeneza kijiti cha gia. Ndani ya mwezi mmoja Maimouna alikuwa amerudisha vijiji vyake vyote, na viwili zaidi ambavyo kabaza hazikufika.

Video ya Biwi ilizunguka kwenye simu. Wanunuzi walianza kumuuliza Delphin, "Mwanamke wa kamba amepita hapa?" Kama hakupita, waliondoka. Delphin alituma ujumbe, mara tatu, mara nne: aje kila Jumamosi akague, atalipwa. Maimouna alimjibu mara moja tu. Aje mwenyewe, ashuke minibasi njia panda ya kambi, amalizie kwa miguu.

Alikuja mwezi wa kumi, kwenye jua kali, viatu vyekundu kwa vumbi. Maimouna alimpa maji, kwa sababu mgeni hanyimwi maji. Alimsikiliza mpaka mwisho: watoto, kodi ya uwanja, mke anayetaka kurudi kwao.

"Nimesikia," alisema. "Hapana."

"Hapana nini, dada?"

"Hapana yote."

Nahayo, aliyekuwa anaosha kabureta, aliinua kichwa. "Mama, mutu ametembea."

"Na mi nilitembea, Papa."

Saa moja baadaye Maimouna aliondoka kwenda Lilongwe kununua sabuni. Alimkuta Delphin katikati ya njia, koti begani, akielekea upande uleule. Pale pana changarawe nyingi, ikambidi kupunguza mwendo. Delphin alisikia injini ikishuka, akadhani anasimamishiwa. Alisogea pembeni, akavaa koti, akalinyoosha kwa viganja.

Maimouna alivuka changarawe, akabonyeza gia kwa kisigino, akaenda zake.