Mpaka Kifundoni Tu

Agatha wa Mkunya alibeba ndoo kichwani kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Enzi hizo maji ya watu wa Newala yalikuwa bondeni, na bonde lenyewe si la mzaha: unateremka alfajiri, unarudi juu jua limeshakukalia utosini. Akaolewa na ndoo, akazaa watoto wanne na ndoo, akapalilia mikorosho huku ndoo inamngoja nyumbani. Siku hizi bomba lipo, ila linatoa siku linapojisikia. Ndiyo maana ukimwaga maji ovyo mbele ya Agatha, utasikia maneno yake.

Mumewe, Mwalimu Gasper, alipostaafu, binti yao Careen aliwalipia matembezi ya wiki moja nchini Kenya: Mombasa mjini, msitu wa Shimba, kisha fukwe za Diani. Wanawake wa jumuiya walipokuja kumuaga, Agatha akawatangazia kwamba ataingia baharini mwili mzima, alale juu ya maji kama watu wa kwenye televisheni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hajawahi kuingia maji yaliyompita goti. Jirani yake Scholastika alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Careen, wewe ni jiwe. Utazama."

Gasper hakucheka. Mdogo wake Cecil alichukuliwa na mto Ruvuma wakiwa vijana, na tangu siku hiyo mwalimu hulizunguka hata dimbwi la mvua. "Utaloweka miguu," alisema. "Mpaka kifundoni tu. Niahidi." Agatha akaahidi kwamba hatazidisha bila ruhusa yake, huku akijisemea moyoni kwamba ruhusa huombwa.

Wakafika Mombasa kwa basi, miguu imevimba. Siku mbili walizunguka Mji wa Kale, Gasper akisoma kila kibao kwa sauti ya darasani, Agatha akipapasa milango ya nakshi na kusema ni mizuri, ila Mmakonde, bingwa wa kuchonga, hakuulizwa. Asubuhi walipewa mahamri na mbaazi za nazi. Gasper akadai mbaazi za Newala ni nene kuliko hizo, akala sahani tatu ili apate uhakika.

Siku ya pili msafishaji wa hoteli alikuta ndoo ya takataka imejaa maji, birika limejaa, bilauri zimejaa, na kofia ya plastiki ya kuogea imening'inizwa ukutani, nayo imejaa. Haikupita muda fundi akabisha hodi na spana mkononi.

"Mama, mfereji umeharibika?"

"Hapana, baba, unatoa vizuri sana. Ndiyo maana nimewahi."

Gasper alijifunika gazeti usoni.

Siku ya tatu wakavuka Likoni kwa feri, mwalimu akiwa amefumba macho njia nzima, wakapanda Shimba. Kiongozi wao, Fikirini, Mdigo mwenye kipara na mizaha mingi, aliwaonyesha mbega wakirukaruka juu ya miti inayodondosha matone ingawa mvua haikunyesha. Kisha wakafika kwenye maporomoko. Maji yalianguka kutoka juu, meupe, yakapiga mawe na kwenda zake.

"Yanakwenda wapi haya?" Agatha akauliza.

"Yanashuka tu, mama. Hata babu zangu waliyakuta hivi hivi."

Agatha aliyafuata maji kwa macho. Aliona wivu, na hakuficha kwamba ni wivu. Alimkumbuka mama yake, aliyezeeka na sugu utosini. Kisha akanywa maji yake ya dukani mpaka tone la mwisho, akamlazimisha na Gasper amalize ya kwake, akazijaza chupa zote mbili pale pale.

"Lakini yale yalikuwa safi zaidi, mama," Fikirini akasema.

"Yale tulinunua. Haya nimeyateka mwenyewe."

Diani, mchanga ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Siku mbili Agatha alisimama ukingoni, maji kifundoni, kama alivyoahidi. Bimdogo, muuza madafu wa makamo, akashindwa kuvumilia.

"Mama, waipigia bahari hodi tangu jana. Huingii?"

"Mwenye ruhusa yule pale, amekumbatia mkoba wangu."

Siku ya mwisho Agatha alimwendea mumewe, maneno makali yakiwa tayari ulimini. "Baba Careen, kesho tunaondoka. Naomba ruhusa."

Gasper alitazama mchanga. "Naogopa, Agatha," akasema, naye hamwiti mkewe jina hilo ila akiwa ameelemewa. "Cecil nilimshika mkono. Ukaniponyoka."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, Agatha hakuwahi kulisikia hilo. Hasira yote ikamwisha, akabaki na huruma. Akaketi kando yake, akamshika bega. "Basi, mume wangu. Twende tukanywe madafu."

Lakini Gasper hakuinuka. Alivua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri na kuzitia ndani ya viatu, kisha akakunja suruali. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema. "Twende wote. Nitakushika mimi."

Bimdogo akaacha madafu yake, akawaongoza mpaka maji yakawafika kiunoni. Akamlaza Agatha chali, kiganja chini ya mgongo. Gasper alikuwa amemng'ang'ania mkewe mkono kwa mikono yake miwili.

"Jilegeze, mama. Ukijikaza wazama."

Mara ya kwanza Agatha alizama. Mara ya pili alikunywa chumvi, akakohoa, akacheka. Mara ya tatu shingo yake, ile iliyozoea kukazwa chini ya ndoo, ikalegea. Bimdogo akaondoa kiganja taratibu.

"Mzee, mwachie."

Gasper akaachia kidole kimoja, kisha kingine, mpaka vyote kumi vikaisha. Alisimama na mikono mitupu, machozi yanamtoka.

"Mama Careen," akaita. "Upo?"

"Nyamaza kwanza, Baba Careen," Agatha akajibu, macho yake kwenye mawingu. "Nimebebwa."