Bendera Mbili za Papa

Nilikuwa na miaka kumi shida ilipoingia kwetu, na iliingia na harufu ya uji wa mahindi ulioungua. Mama aliacha sufuria motoni kwa sababu Papa, baba yangu, alikuwa ameanguka mlangoni. Papa alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuongoza mabehewa kwa bendera. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kuume umelegea, na mdomoni neno moja tu: ndiyo. Chai? Ndiyo. Kisha anasukuma kikombe. Mimi jambo hilo lilinishangaza sana. Siku moja nikamuuliza, “Papa, uko mwanamuke?” Akasema ndiyo, macho yamekasirika, halafu tukacheka wote wawili. Nikachukua bendera zake nyuma ya mlango, nikamwekea kwenye mkono wa kushoto. Akiinua ya kijani, alikunywa. Akiinua nyekundu, nilitoa kikombe. Sikumwambia mtu, niliona ni mchezo wetu.

Mama alikuwa amekonda, halali usiku. Ndipo kaka yake Papa, niliyemwita Papa mukubwa, naye mtu wa reli, akaja kutoka Kongolo kumchukua, akamtunze kijijini. “Ndugu yangu, unaitika twende?” Ndiyo. “Munasikia? Ameitika yeye mwenyewe.” Mama akaanza kukunja mashati, machozi yanayadondokea. Nikaona Papa anaondoka hivihivi.

“Papa mukubwa, umuulize kama yeye iko mwanamuke,” nikasema.

“Huyu mutoto hana haya!” Lakini akauliza. Ndiyo. Nikampa Papa bendera zake mbili. Alipoulizwa tena habari ya safari, mdomo ulisema ndiyo, mkono ukainua nyekundu.

“Nyekundu ni nyekundu,” Papa mukubwa akasema. “Treni haitoki.” Kisha akamgeukia Mama: “Na weye, shemeji, unaweza?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama alizoea kuitika tu kila aliloambiwa. Safari hii akaichukua bendera nyekundu mkononi mwa mumewe, akaiinua: peke yake hawezi. Basi mke wa Papa mukubwa akaja kukaa nasi, na jirani yetu, mtu wa Kasai, akawa anakaa na Papa kila mchana ili Mama alale.

Siku hizi madaktari wana jina la ugonjwa ule, na simu zina picha ambazo mgonjwa anazigusa ili ajibu. Vizuri. Lakini bado naona mgonjwa anazungukwa na watu, na anayemtunza haulizwi kitu. Mimi sikupita darasa la tatu. Nina nyumba ya matofali mtaa wa Makomeno, mashine mbili za kusaga mahindi, kisima, na bendera mbili. Ya kijani bado nzima. Nyekundu imechakaa, maana nawaazimisha wanawake wanaotunza wagonjwa.